Namba za Meli za Starfleet: Wasomaji Wanauliza, Tunajibu

Maswali ya safari hii yote yanahusu jambo moja: namna kikosi cha Starfleet, katika hadithi za Star Trek, kinavyozipa meli zake za anga namba za utambulisho. Tumeyapanga kwa namna ambayo jibu la swali moja linasaidia kuelewa lile linalofuata, na baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kuelezwa kwa mkato.

SWALI: Ndugu Mhariri, kila ninapoangalia Star Trek naona maandishi NCC-1701 juu ya meli Enterprise. Wenzangu husema kwamba herufi hizo ni kifupisho cha maneno ya kijeshi, lakini hakuna aliyeweza kunionyesha maneno hayo yalitamkwa katika kipindi gani. Je, herufi hizo zina maana gani, na kwa nini namba ikawa 1701 na si nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi, kwa kuwa herufi NCC hazikuanza kama kifupisho cha maneno yoyote. Aliyezibuni ni Matt Jefferies, msanifu wa mandhari wa mfululizo wa kwanza ulioanza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ambaye ndiye pia aliyechora umbo la Enterprise. Jefferies alikuwa rubani na mpenzi mkubwa wa ndege, na alipotakiwa kuipa meli alama ya utambulisho hakuifuata desturi ya jeshi la majini, bali alirudi kwenye alama alizozizoea viwanja vya ndege. Kwa makubaliano ya kimataifa, ndege iliyosajiliwa Marekani hubeba herufi N, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 ndege za kiraia zilizokuwa na leseni kamili zilibeba herufi NC. Ndege za Umoja wa Kisovieti, kwa upande wao, ziliandikwa CCCP, ambacho ni kifupi cha jina la nchi hiyo kwa alfabeti ya Kirusi. Jefferies alieleza baadaye kwamba aliona juhudi kubwa za kwenda anga za mbali zingekuwa na gharama isiyoweza kubebwa na taifa moja, na kwa hiyo akachanganya alama za mataifa mawili, ndipo NC ikaongezewa C ya pili.

Naomba wasomaji walitafakari jambo hilo kwa uzito wake. Katika kilele cha Vita Baridi, wakati mataifa hayo mawili yakishindana kufika mwezini, mtu mmoja aliandika juu ya meli ya kubuni alama inayodai kwamba siku moja yangesafiri pamoja, na aliiandika bila kulitangaza dai hilo kwa neno hata moja. Maelezo ya kwamba herufi hizo ni kifupi cha mkataba wa ujenzi wa meli za kivita yalikuja baadaye, na ingawa mashabiki wengi wanayakubali, hayakuwa mawazo ya yule aliyeziandika.

Kuhusu 1701, sababu ya kwanza ilikuwa macho ya mtazamaji. Jefferies alitaka namba ambayo ingesomeka haraka kwenye skrini za televisheni za wakati ule, ambazo zilikuwa ndogo na picha zake hazikuwa kali. Aliziondoa tarakimu 3, 6, 8 na 9 kwa sababu kwa mbali huchanganywa kirahisi, akabaki na tarakimu ambazo hakuna anayeweza kuzikosea, yaani 1, 7 na 0. Sababu ya pili aliyoitoa ni kwamba Enterprise ilikuwa meli ya kwanza iliyojengwa kwa muundo wa 17, hivyo 17 ni muundo na 01 ni nafasi ya meli ndani ya muundo huo. Sababu hiyo ya pili inapendeza sana kwa jinsi ilivyopangika, lakini ndiyo iliyovunjika kwanza, kama jibu linalofuata litakavyoonyesha.

SWALI: Enterprise ya Kapteni Kirk ni 1701, na Voyager ya Kapteni Janeway ni 74656. Je, ina maana kwamba Starfleet ilikuwa imekwisha kuunda zaidi ya meli sabini na nne elfu? Mdogo wangu anasema ndiyo, mimi nasema haiwezekani.

JIBU: Uko sahihi kusema haiwezekani, lakini mdogo wako naye ana hoja, kwa sababu namba hizo kweli hupanda kadiri miaka inavyosonga. Ili kuwapatanisha ni lazima tuanze na mwaka 1967, ambao ndio mwaka namba hizi zilipoanza kwenda njia zisizokutana.

Mnamo Januari mwaka huo, katika kipindi kiitwacho "Tomorrow Is Yesterday", Kirk alimwambia mgeni aliyekuwa melini mwake kwamba kuna meli kumi na mbili tu za aina ya Enterprise. Iwapo mpango wa Jefferies ungefuatwa, meli hizo zingekuwa na namba za kuanzia 1701 hadi 1712 au karibu na hapo. Mwezi uliofuata, katika "Court Martial", ukutani mwa ofisi ya Komodoo Stone palionekana chati ya maendeleo ya matengenezo yenye namba kumi bila jina hata moja: 1709, 1631, 1703, 1672, 1664, 1697, 1701, 1718, 1685 na 1700. Nusu ya namba hizo zinaanza na 16. Katika kipindi hichohicho ilitajwa meli Republic yenye namba 1371, ambamo Kirk alitumikia zamani. Kisha mwezi Oktoba, katika "The Doomsday Machine", ikatokea meli Constellation, pacha wa Enterprise kwa umbo, ikiwa na namba 1017. Namba hiyo haikutokana na kanuni yoyote, kwa kuwa watengenezaji walitumia modeli ya plastiki ya Enterprise iliyokuwa ikiuzwa madukani, wakazipanga upya tarakimu za 1701 zilizokuja nayo. Ndani ya mwaka mmoja, basi, nadharia ya kwamba tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha muundo wa meli ilikuwa imekwisha kukanushwa na skrini yenyewe.

Mashabiki hawakukata tamaa, na jitihada yao ya miaka ya 1970 inastahili heshima. Greg Jein, aliyekuja kuwa mtengenezaji mashuhuri wa modeli za filamu, alichukua namba za chati ya Komodoo Stone na kuzioanisha na majina ya meli yaliyotajwa katika mfululizo, mpaka kila jina likapata namba yake. Wakati huohuo Franz Joseph Schnaubelt, mchoraji wa ufundi, alichapisha mwaka 1975 kitabu cha michoro kilichotoa orodha tofauti kabisa, ambayo haikuijali ile chati na ilizipa meli za aina ya Enterprise namba zinazofuatana kuanzia 1700. Kwa muda orodha zote mbili ziliishi pamoja. Filamu ya Star Trek ya mwaka 1979 ilielekea upande wa Franz Joseph, kwani katika mazungumzo ya redio yanayosikika humo zinatajwa meli za upelelezi Columbia, NCC-621, na Revere, NCC-595, pamoja na meli kubwa ya vita Entente, NCC-2120, zote kutoka katika orodha yake. Baadaye Michael Okuda, aliyesimamia michoro na maandishi ya mifululizo iliyofuata, aliichagua orodha ya Jein, na hiyo ndiyo iliyoenea hadi leo. Mimi naona Okuda alichagua vizuri, kwa kuwa orodha ya Jein, pamoja na mpangilio wake usiotulia, inaheshimu kile kilichoonekana, ilhali ile nyingine ni safi zaidi kwa sababu tu imekipuuza.

Kuanzia filamu za miaka ya 1980, watengenezaji walianza kuzitumia namba kana kwamba zinafuata wakati. Reliant ya mwaka 1982 ilikuwa 1864, na Excelsior ya mwaka 1984, iliyosifiwa kuwa meli mpya kuliko zote, ilikuwa 2000. Hapa sasa hesabu ya mdogo wako inaweza kupimwa. Enterprise ya kwanza ilizinduliwa mwaka 2245 wa hadithi na Excelsior inaonekana mwaka 2285, kwa hiyo katika miaka 40 zilitumika namba 299, ambazo hazifiki hata nane kwa mwaka. Voyager inaanza safari yake mwaka 2371, miaka 86 baada ya hapo, ikiwa na namba 74656. Hiyo ni tofauti ya namba 72,656, au wastani wa zaidi ya 840 kila mwaka.

Linganisha wastani huo na mapigano ya Wolf 359 dhidi ya Borg, maadui wakubwa wa Starfleet, yaliyoonyeshwa mwaka 1990 na yaliyotokea katika mwaka 2367 wa hadithi. Starfleet ilikusanya meli 40, ikapoteza 39, na afisa Shelby akasema kikosi kingerudi katika hali yake kabla ya mwaka kwisha. Kwa viwanda vinavyotoa meli 840 kwa mwaka, meli 39 ni kazi ya wiki mbili au tatu. Msiba ule haungekuwa msiba, na kauli ya Shelby, iliyokusudiwa kutuliza roho, ingekuwa kauli ya kushangaza. Hadithi inatuambia kwa uwazi kwamba meli 39 ni pengo kubwa, na kwa hiyo namba za usajili haziwezi kuwa hesabu ya meli zilizojengwa.

Namba hizo basi ni za nini? Jibu linaloniridhisha ni kwamba ni nafasi katika daftari la usajili, na daftari hupokea vitu vingi visivyowahi kuwa meli kubwa. Vyombo vidogo vya kituo cha Deep Space Nine, Rio Grande, Yangtzee Kiang na Ganges, vina namba kamili zinazofuatana, yaani 72452, 72453 na 72454, ingawa kila kimoja kinaweza kuendeshwa na mtu mmoja. Ukiongeza vyombo vya namna hiyo, pamoja na meli za mizigo, meli zilizoagizwa zikafutwa na mafungu ya namba yaliyotengwa bila kutumika, daftari linaweza kufika sabini elfu bila kikosi kuwa na meli elfu sabini. Mabadiliko ya kasi kati ya 2285 na 2371 nayo yanaeleweka iwapo tutakubali kwamba wakati fulani kanuni ya nani anaingizwa daftarini ilipanuliwa. Vyombo vidogo kabisa vinavyokaa ndani ya meli kubwa havikuhusika hata mwanzoni, kwani Galileo, chombo cha Enterprise ya kwanza, kiliandikwa NCC-1701/7, yaani chombo cha saba cha meli yenye namba hiyo.

Jeshi la majini la Marekani, ambalo limekuwa na mfumo wa alama na namba za meli tangu mwaka 1920, linatoa mfano halisi. Meli ya kubeba ndege iliyopewa namba 58 ilifutwa mwaka 1949 ujenzi ukiwa umeanza tu, na iliyoifuata ikaitwa 59, si 58. Nyambizi za nyuklia zilifika 773, lakini nyambizi Seawolf ilipewa namba 21 kwa sababu mradi wake ulikusudiwa kwa ajili ya karne ya 21, zikafuata 22 na 23, kisha mfuatano ukarudi kwenye 774. Mtafiti wa karne zijazo akiziona namba hizo peke yake, bila kumbukumbu nyingine, atadhani Seawolf ilijengwa kabla ya nyambizi mia saba na zaidi ambazo kwa kweli ziliitangulia.

SWALI: Kwa nini Enterprise mpya hupewa namba ileile ya 1701 na kuongezewa herufi A, B, C na kuendelea, ilhali meli nyingine zinapokufa na jina kurithiwa, namba hubadilika?

JIBU: Swali hili linagusa kiini cha jambo zima, nacho ni hiki: namba ni ya nani, ni ya jina au ni ya mwili wa meli? Katika mifumo karibu yote ya kweli, namba hufuata mwili. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na meli ya kubeba ndege iliyoitwa Enterprise, namba 6, iliyoingia kazini mwaka 1938, kisha ikaja Enterprise nyingine, namba 65, mwaka 1961, na sasa inajengwa Enterprise namba 80. Jina linarudi kwa heshima, namba hairudi kamwe. Meli za biashara zinazosafiri kimataifa zina namba ya tarakimu saba chini ya mpango wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, uliopitishwa mwaka 1987 na kuwa wa lazima mwaka 1996, na namba hiyo hubaki na meli hata ikibadili jina, mmiliki na bendera mara kumi.

Starfleet kwa kawaida hufuata kanuni hiyohiyo. Saratoga iliyoonekana katika filamu ya mwaka 1986 ni 1887, na Saratoga aliyotumikia Benjamin Sisko, iliyoangamia Wolf 359, ni 31911. Constellation iliyokufa ikiwa 1017 ilirithiwa jina na meli ya majaribio yenye namba 1974. Hakuna herufi iliyohitajika popote hapo.

Enterprise ilifanywa kuwa tofauti mwishoni mwa filamu hiyohiyo ya mwaka 1986. Meli ya zamani ilikuwa imeangamizwa na Kirk mwenyewe katika filamu iliyotangulia, yeye na wenzake wakaiokoa Dunia, na walipotazamia kupewa meli yoyote ile, wakaiona mbele yao NCC-1701-A. Herufi ile ilikuwa zawadi kwa watu, na ilisema kwa tarakimu kile ambacho hotuba ingekisema vibaya. Mwaka uliofuata ikaja Enterprise yenye herufi D, ya Kapteni Picard, ambayo kwa kuruka B na C iliwajulisha watazamaji bila maelezo kwamba vizazi viwili vya meli vilikuwa vimepita. C ikaonekana mwaka 1990, B mwaka 1994 na E mwaka 1996.

Upekee huo haukuwa umekubalika na wote mwanzoni. Mwaka 1988, katika "Where Silence Has Lease", meli Yamato ilitajwa kwa sauti kuwa NCC-1305-E, maana yake ni kwamba nayo ilikuwa na ukoo wa herufi kama Enterprise. Miezi michache baadaye, ilipoonekana tena katika "Contagion", ilikuwa 71807 bila herufi. Nadhani marekebisho hayo yalikuwa ya busara sana, kwa sababu herufi inayotolewa kwa kila meli yenye sifa haimheshimu tena yeyote. Kwa sababu hiyohiyo sikufurahia kuona desturi hiyo ikienea miaka ya karibuni. Discovery, namba 1031, iliongezewa A mwaka 2020 ilhali ni meli ileile iliyofanyiwa matengenezo katika karne ya 32, na herufi ilitumika kuficha kwamba ilitoka zamani. Karne hiyohiyo ina Voyager iliyofika J. Titan ya mwaka 2023 ilikuwa 80102-A, kisha ikabadilishwa jina kuwa Enterprise na namba kuwa 1701-G, kwa hiyo mwili mmoja wa meli ukawa na namba mbili katika maisha yake. Kwa msajili yeyote makini hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa kumbukumbu za matengenezo, ajali na mabaharia wa meli ile sasa zimegawanyika chini ya vichwa viwili.

SWALI: Je, herufi NX zina maana gani, na kwa nini Defiant iliendelea kuzibeba ingawa ilikuwa vitani kila siku?

JIBU: NX pia imetoka kwenye usajili wa ndege. Nchini Marekani X iliongezwa kwa ndege za majaribio, na mfano unaojulikana zaidi ni ndege aliyoiendesha Charles Lindbergh kutoka New York hadi Paris mwaka 1927, iliyoandikwa N-X-211. Starfleet inaitumia kwa maana hiyo. Excelsior ilikuwa NX-2000 wakati wa majaribio katika filamu ya mwaka 1984, na ilipoonekana chini ya Kapteni Sulu mwaka 1991 ilikuwa imekuwa NCC-2000. Namba haikuguswa, zilibadilika herufi tu, na huo ndio mfano safi kuliko yote wa mfumo unaofanya kazi inavyotakiwa.

Defiant, NX-74205, meli ya Kapteni Sisko, ilibuniwa kupigana na Borg, mradi wake ukasimamishwa kwa kasoro zilizojitokeza, kisha ikaitwa kazini kwa dharura kabla ya kukamilisha njia ya kawaida ya majaribio. Naona inaeleweka kwamba herufi zake hazikubadilishwa, kwani haikupata kuthibitishwa rasmi kuwa aina iliyokamilika. Ilipoangamizwa, katika kipindi kilichoonyeshwa mwaka 1999, Sisko alipewa meli nyingine ya aina hiyo, Sao Paulo, na ruhusa maalumu ya kuiita Defiant. Bamba lake la uzinduzi linasomeka NCC-75633, lakini picha za nje ziliendelea kuonyesha NX-74205 kwa sababu zilikuwa picha za zamani zilizotumiwa tena. Katika hili mimi nalifuata bamba.

Tahadhari moja: Enterprise ya Kapteni Archer, NX-01 ya mwaka 2151 wa hadithi, imetangulia kanuni hizi, na NX ni jina la aina yenyewe ya meli.

SWALI: Prometheus ina namba ngapi? Nimeona mbili.

JIBU: Umeona vizuri. Katika "Message in a Bottle" ya mwaka 1998, mwili wa meli umeandikwa NX-59650 na bamba lake NX-74913. Kwa meli mpya ya wakati ule namba ya pili ndiyo inayolingana na umri wake, ikiwa karibu na Voyager, lakini modeli ilikwisha kuandikwa ile ya kwanza. Hakuna maelezo ya ndani ya hadithi, na sipendekezi kuyalazimisha.

SWALI: Ninaandika riwaya yenye kikosi changu cha meli za anga. Nifuate kanuni gani ili namba zangu zisije zikagongana kama hizo mlizozieleza?

JIBU: Hongera kwa kazi hiyo. Amua kwanza, kabla ya kuandika namba hata moja, kwamba namba ni ya mwili wa meli, kisha usimruhusu mhusika yeyote kuikiuka kanuni hiyo isipokuwa pale ambapo ukiukaji wenyewe ni tukio katika hadithi, kama ilivyokuwa kwa 1701-A. Msomaji atausikia uzito wa tukio hilo ikiwa tu amekwisha kuizoea kanuni.

Usiingize maana nyingi ndani ya tarakimu. Mwandishi anapoamua kwamba tarakimu mbili za mwanzo ni aina ya meli, inayofuata ni kiwanda na zilizobaki ni mwaka, atajikuta anahitaji meli ya aina ya mia moja na moja, au kiwanda cha kumi na moja, na mfumo hauna mahali pa kuviweka. Namba inayofuatana tu, huku aina na kazi ya meli zikiandikwa mahali pengine daftarini, haichakai. Kinachoweza kutangulia namba ni herufi chache za kundi, kama hadithi za Star Trek zinavyotumia NAR kwa baadhi ya vyombo vilivyo nje ya kikosi, mfano Raven, NAR-32450, au NSP kwa meli T'Pau ya Wavulkani.

Acha mapengo, na ujue sababu ya kila pengo. Chombo cha anga cha Marekani Challenger kilikuwa OV-099 ingawa kiliruka mwaka 1983, baada ya Columbia, OV-102, iliyoruka mwaka 1981, kwa sababu Challenger kilianza kama kiunzi cha kupimia uimara chenye namba 099, na ndipo kikageuzwa kuwa chombo kamili. Namba iliyo nje ya zamu kwa namna hiyo hubeba historia nzima, na mhusika anayeijua historia hiyo ataonekana kuwa mtu aliyeishi kweli miongoni mwa meli.

Iwapo hadithi yako ina maharamia au meli zinazoghushi utambulisho, tumia tarakimu ya ukaguzi kama wafanyavyo wanamaji wa biashara. Chukua namba 9074729. Tarakimu sita za mwanzo huzidishwa kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, matokeo hujumlishwa, na tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo ni lazima iwe sawa na tarakimu ya saba ya namba. Hapa tunapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4, ambazo jumla yake ni 139, na 9 inalingana. Afisa wa doria aliye macho anaweza kuipiga hesabu hiyo kichwani huku meli ya kigeni ikijitambulisha redioni, na akaugundua uongo kabla ya silaha kuelekezwa popote.

Mwisho, kwa namba za meli zitakazoonekana mara nyingi, rudi kwa Jefferies na uzikwepe 3, 6, 8 na 9, hasa ikiwa kitabu chako kitakuwa na michoro. Namba ya meli iliyofutwa au kuangamia iandike daftarini pamoja na sababu yake, na usiitoe tena kwa meli nyingine.